Namna ya Kupima Kile Ambacho Wanafunzi wa Chuo Kikuu Wamejifunza

Kila mwisho wa muhula bodi ya watahini ya idara huketi, majedwali ya matokeo hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, na mjadala huishia kwenye hesabu ya waliofaulu, watakaorudia mtihani na walioondolewa masomoni, au kwa lugha ya mabweni, nani ana sapu na nani amedisko. Katika vikao vya aina hiyo nilivyohudhuria, ni mara chache sana nimesikia mtu akiuliza wanafunzi hao sasa wanaweza kufanya nini ambacho hawakukiweza walipoanza kozi. Mwongozo huu unahusu swali hilo la pili. Umeandikwa kwa ajili ya mhadhiri au mkuu wa idara asiye mtaalamu wa upimaji, mwenye darasa kubwa na muda mdogo, na mifano yake mingi imetoka katika kozi ya utangulizi wa takwimu kwa kuwa ndiyo niliyoifundisha kwa miaka mingi.

Kwa nini alama ya mwisho haitoshi

Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania tathmini endelevu hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho alama 60. Nchini Kenya uwiano uliozoeleka ni 30 kwa 70. Zikijumlishwa hupatikana namba moja, nayo inafaa sana kwa kazi yake, yaani kumpanga mwanafunzi katika daraja na kuamua kama ataendelea na masomo. Haifai kueleza amejifunza nini. Chukua wanafunzi wawili waliopata 62 katika takwimu. Mmoja amekokotoa kila kitu bila kosa, lakini hakuandika hata sentensi moja ya maana kueleza namba zake zinasema nini; mwingine amekosea hesabu mbili tatu, ila grafu anaifasiri vizuri kuliko darasa zima. Hati zao za matokeo zitasomeka sawasawa. Mhadhiri wa kozi inayofuata atawapokea wote wawili kana kwamba wana uwezo mmoja, na hatajua amsaidie nani katika lipi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutenganisha. Badala ya kujumlisha kila kitu katika namba moja, weka kumbukumbu ya kila uwezo uliokusudiwa peke yake, hata kama mwishoni utajumlisha kwa ajili ya seneti.

Andika matokeo tarajiwa yanayoweza kuonekana

Kazi huanzia kwenye muhtasari wa kozi, na hapo ndipo nyingi huharibikia. Sentensi inayopatikana karibu kila idara ni hii: «Mwanafunzi ataelewa dhana za msingi za takwimu.» Haipimiki, kwa sababu hakuna anayeweza kuona kuelewa, kinachoonekana ni kile mtu anachofanya kwa kuwa ameelewa. Ilinganishe na hii: «Akipewa data ya mapato ya kaya 200, mwanafunzi atachagua kipimo cha kati kinachofaa, atakikokotoa, na ataeleza kwa aya moja kwa nini amechagua hicho na si kingine.» Ukisoma sentensi ya pili unakwisha kujua swali la mtihani litakuwaje, na pia unajua darasani ni lazima ufike mahali pa kuonyesha jinsi matajiri wachache wanavyolivuta juu wastani wa mapato, ilhali kipeo cha katikati, yaani namba inayoangukia katikati mapato yakipangwa kwa ukubwa, kinabaki palepale.

Ngazi za ufikiri za mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom za mwaka 1956, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2001, husaidia katika kuchagua vitenzi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kubuni. Zitumie kujihoji, usizigeuze kuwa sala. Nimeona mihtasari yenye matokeo tarajiwa 14 kwa kozi moja, yote yakianza na vitenzi vya ngazi za juu, halafu mtihani wake una maswali manne ya «taja» na «fafanua».

Idadi ipangwe kwa saa. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikijumuisha mihadhara, semina, mazoezi na kusoma peke yako. Kozi ya krediti 12 ina saa 120. Ukiwa na matokeo tarajiwa matano, kila moja lina saa 24; ukiwa na 14, kila moja linapata saa nane na ushei, na humo ndimo mwanafunzi asome, afanye mazoezi, akosee, arekebishwe na kupimwa. Matano au sita yanatosha.

Chora ramani ya programu nzima

Kozi moja haimjengi mhitimu. Chora jedwali ambalo safu zake ni matokeo tarajiwa ya programu yote na mistari yake ni kozi zote, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Katika kila kisanduku andika kama uwezo huo unaanzishwa, unakuzwa au unapimwa. Kisanduku kisichohusika kiache wazi. Kazi hii ifanywe na wahadhiri wote wakiwa wameketi pamoja. Mkuu wa idara akijaza peke yake ofisini, atajaza mambo anayodhani yanafundishwa.

Mara nyingi ramani hufichua jambo la aibu. Katika idara moja niliyoshiriki, uandishi wa ripoti ulianzishwa katika kozi ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza, ukapimwa katika mradi wa mwaka wa tatu, na katikati hapakuwa na kisanduku hata kimoja kilichojazwa. Kila mhadhiri alikuwa akiamini kwamba mwenzake ndiye anayewazoesha wanafunzi kuandika. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tumewalaumu wanafunzi kwa miradi dhaifu, tena kwa maneno makali, na jedwali la ukurasa mmoja lilituonyesha kwamba hatukuwa tumewafundisha.

Chagua ushahidi wa moja kwa moja kwanza

Ushahidi wa moja kwa moja ni kazi ya mwanafunzi mwenyewe: majibu ya mtihani, ripoti, mradi, uwasilishaji, programu ya kompyuta aliyoiandika, mgonjwa aliyempima mbele ya mkufunzi. Ushahidi usio wa moja kwa moja ni maoni kuhusu kujifunza: dodoso la mwisho wa muhula, mahojiano na wahitimu, barua ya mwajiri. Vyote vina nafasi yake, lakini havilingani uzito.

Dodoso ndilo linalopotosha zaidi, kwa sababu ni rahisi na lina namba. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Louis Deslauriers na wenzake, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika madarasa ya fizikia: wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa walipata alama za juu zaidi kwenye mtihani, lakini walipoulizwa walisema wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara uliotiririka vizuri. Kuhangaika na tatizo hukufanya uhisi hujui kitu, na msemaji hodari hukufanya uhisi umeelewa. Liulize dodoso mambo ambayo mwanafunzi anayajua kwa hakika, kama vile iwapo kazi zake zilirudishwa kabla ya jaribio lililofuata, au saa ngapi kwa wiki alizitumia kwa kozi hiyo. Usiliulize amejifunza kiasi gani.

Mtihani upangwe kabla ya kutungwa

Walimu wa shule wanalijua jedwali la utahini. Vyuoni wengi wetu hatukufunzwa ualimu, tukaliacha. Ni chombo chepesi: upande mmoja andika matokeo tarajiwa, upande mwingine ngazi za ufikiri, na ndani ya visanduku andika alama zitakazotolewa. Likikamilika utaona papo hapo kama alama 45 kati ya 60 zimeangukia kwenye kukumbuka.

Hapa linaingia suala la desa, yaani makaratasi ya majibu ambayo wanafunzi hupeana. Maswali yakirudiwa mwaka baada ya mwaka, wanafunzi hukusanya majibu yaliyopita, huyatoa kopi na kuyakariri, na mtihani unakuwa umepima ubora wa mtandao wa marafiki. Dawa yake si kuificha mitihani iliyopita, kwani daima huvuja. Badili data na mazingira ya swali huku ukiuacha uwezo unaopimwa uwe uleule: mwaka huu mapato ya kaya, mwaka ujao mavuno ya mahindi kwa wilaya, mwaka unaofuata muda wa kusubiri daladala. Anayekariri atakwama, anayejua kuchagua kipimo hatababaika.

Jambo jingine ni lugha. Wanafunzi wengi wa Tanzania walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa wanatahiniwa kwa Kiingereza. Swali la sentensi moja ndefu yenye vishazi vitatu na kikanushi kilichojificha katikati linaweza kumwangusha mwanafunzi anayeijua mada barabara. Kabla ya kulipitisha swali, mpe mwenzako wa idara nyingine alisome na akueleze kwa maneno yake mwenyewe linataka nini, akisitasita, lirekebishe. Njia ya pili, ambayo imenifundisha mengi, ni kuwaita wanafunzi watano au sita baada ya jaribio na kuwaomba wakueleze kwa Kiswahili jibu walilokosa. Wengine wataeleza vizuri kabisa, na hapo utajua kwamba kilichopungua ni lugha, ambayo ina tiba yake tofauti.

Baada ya mtihani, rudi kwenye maswali

Usahihishaji ukikwisha, wengi hufunga bahasha. Tenga saa mbili zaidi. Wapange wanafunzi kwa jumla ya alama, kisha chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini. Katika darasa la watu 100 ni 27 na 27. Kwa kila swali la kuchagua jibu, hesabu waliopata katika kila kundi, toa la chini katika la juu, kisha gawanya kwa 27. Tuseme swali la nne limepatwa na 24 wa juu na 9 wa chini: tofauti ni 15, na kipimo cha utofautishaji ni 0.56. Swali hilo linafanya kazi. Swali la saba limepatwa na 8 wa juu na 15 wa chini: kipimo ni −0.26, yaani wanaoijua kozi ndio wanaolikosa.

Kipimo hasi kikitokea, angalia kwanza mwongozo wako wa usahihishaji. Mara kadhaa nimekuta kosa ni langu: herufi ya jibu sahihi niliiandika vibaya, au majibu mawili yalikuwa sahihi kwa mtu anayefikiri kwa kina. Swali la namna hiyo lifutwe kabla matokeo hayajaenda kwenye bodi. Kwa maswali ya insha, linganisha wastani wa alama za makundi hayo mawili badala ya idadi ya waliopata.

Jedwali la vigezo, na watu wawili wa kulitumia

Ripoti, mradi na uwasilishaji havipimwi kwa ufunguo wa majibu. Vinahitaji jedwali la vigezo, ambalo wengine huliita rubriki: kila kigezo kina ngazi nne hivi, na kila ngazi imeelezwa kwa maneno yanayoonyesha kitu kilichomo kwenye kazi. Chama cha Vyuo na Vyuo Vikuu vya Marekani, AAC&U, kilitoa mwaka 2009 majedwali ya namna hii kwa uwezo kama vile uandishi, fikra tunduizi na matumizi ya hesabu, na idara nyingi duniani zimeyachukua na kuyarekebisha. Kuyarekebisha ni lazima. Kwa kigezo cha kufasiri matokeo, sisi tuliandika hivi: ngazi ya kwanza, mwanafunzi ananakili namba kutoka kwenye jedwali bila maelezo, ya pili, anasema namba ipi ni kubwa na ipi ni ndogo, ya tatu, anaeleza tofauti hiyo ina maana gani kwa wahusika, ya nne, anaeleza maana hiyo na pia anataja mipaka ya data yake. Maneno kama «vizuri», «vizuri sana» na «wastani» hayafai, kwa maana kila msahihishaji ana yake.

Jedwali likiwa tayari, wahadhiri wawili wasahihishe ripoti zilezile 10, kila mmoja peke yake, kisha waketi kulinganisha. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo na mwenzangu, ripoti moja niliipa ngazi ya tatu, yeye akaipa ya kwanza. Tulibishana kwa nusu saa kabla ya kugundua kwamba alikuwa akiadhibu sarufi ya Kiingereza ndani ya kigezo cha ufasiri, wakati sarufi ilikuwa na kigezo chake. Tuliongeza sentensi moja kwenye jedwali, tukachukua ripoti nyingine 10, na tofauti kubwa za namna ile zikatoweka.

Angalia pia usidanganyike na asilimia ya kukubaliana. Tuseme wasahihishaji wawili wamesoma ripoti 20, kila mmoja amepitisha 16 na kuangusha 4, na wamekubaliana katika ripoti 16, yaani asilimia 80. Inapendeza kusikia. Lakini watu wawili wanaopitisha ripoti nne kati ya kila tano wangekubaliana kwa bahati tu katika asilimia 68 ya ripoti, hata kama hawakuzisoma. Kipimo cha kappa, alichokitunga Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa bahati hiyo: 0.80 toa 0.68, gawanya kwa 0.32, jibu ni 0.375, nalo ni dogo. Hapo mazungumzo yanatakiwa kuendelea.

Pima wiki ya kwanza, si wiki ya 15 pekee

Ikiwa una nguvu ya kufanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hili. Bila kujua mwanafunzi alianzia wapi, huwezi kudai kwamba kozi yako imemfikisha mahali. Mfano unaojulikana zaidi umetoka katika fizikia. Mwaka 1992 David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona na wenzake walichapisha jaribio la kuchagua majibu kuhusu nguvu na mwendo, lisilohitaji hesabu hata kidogo. Majibu yake yasiyo sahihi yalitungwa kutokana na mawazo ambayo watu huwa nayo kabla ya kufundishwa. Wahadhiri waliliona jepesi mno, hadi wanafunzi wao waliokuwa wakikokotoa milinganyo mirefu waliposhindwa kusema ni nguvu zipi zinazokivuta kitu kilichorushwa juu.

Mwaka 1998 mwanafizikia Richard Hake alikusanya matokeo ya kozi 62 za fizikia zenye wanafunzi 6,542, waliopimwa mwanzo na mwisho. Alitumia kipimo kimoja rahisi: alama za mwisho toa za mwanzo, gawanya kwa kiasi ambacho kilikuwa bado kinaweza kupatikana. Kozi za mihadhara ya kawaida zilikuwa na wastani wa 0.23, na zile zilizowashirikisha wanafunzi 0.48. Kwa maneno mengine, mhadhara wa kawaida uliziba chini ya robo ya pengo.

Hesabu hiyo unaweza kuifanya kwa kalamu. Darasa lililoanza na wastani wa 35 likaishia 61 limepanda 26 kati ya 65 zilizowezekana, sawa na 0.40. Darasa lililoanza na 60 likaishia 76 limepanda 16 tu, lakini kati ya 40, ambayo nayo ni 0.40. Anayetazama alama za mwisho peke yake angempongeza mhadhiri wa darasa la pili na kumwita wa kwanza ajieleze.

Jaribio la mwanzo lisihesabiwe katika alama za kozi, lisichukue zaidi ya dakika 30, na wanafunzi waelezwe wazi kwamba hawatarajiwi kujua majibu. Makaratasi yakusanywe yote. Yakibaki mikononi mwao, utakapofika mwisho wa muhula utakuwa umepima kumbukumbu ya desa.

Kwa darasa la watu 400

Kwa ajili ya programu si lazima kusoma kila ripoti kwa jedwali la vigezo. Chagua 40 au 50 kwa bahati nasibu, kwa mfano kila namba ya nane katika orodha ya usajili ukianzia mahali palipopatikana kwa kura. Usichukue za waliojitolea wala zile zilizo juu ya bunda, kwa kuwa zinazowahi kuletwa mara nyingi ni za wanafunzi makini. Futa majina kabla ya kuzigawa.

Mtahini wa nje, yaani mhadhiri wa chuo kingine anayealikwa kuhakiki mitihani, naye atumike vizuri zaidi. Desturi hiyo tuliirithi kutoka mfumo wa Uingereza. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Siku hizi mgeni huyu mara nyingi hupewa marundo ya madaftari ya majibu kwa siku tatu na kuombwa sahihi. Mpe badala yake sampuli ya ripoti, jedwali la vigezo na alama mlizotoa, umwombe azisahihishe upya bila kuziona zenu.

Kulinganisha vyuo kwa vyuo ni kazi ya aina nyingine, na siishauri kwa idara. Shirika la Ushirikiano na Maendeleo ya Kiuchumi, OECD, lililijaribu hilo kupitia mradi wa AHELO, uliowahusisha wanafunzi wapatao 23,000 katika nchi 17, na ripoti zake zikatoka mwaka 2012 na 2013. Mradi huo haukuendelezwa kuwa upimaji wa kudumu.

Matokeo yaende wapi

Andika ukurasa mmoja, usizidi. Uwe na mambo matatu: uwezo upi ulipimwa na kwa kazi gani, sehemu gani ya wanafunzi walifika ngazi iliyokusudiwa, na idara itabadili nini kabla ya muhula ujao. Wahadhiri wasitajwe kwa majina, na ukurasa huo usiingie katika jalada la upandishaji vyeo. Siku mhadhiri atakapojua kwamba namba hizi zitamnyima cheo, atatunga jaribio gumu la mwanzo na jepesi la mwisho, na takwimu zitapendeza huku darasa likibaki lilivyokuwa.

Badiliko liwe dogo na la kushikika. Idara yetu ilipogundua pengo la uandishi, haikuanzisha kozi mpya. Iliweka ripoti ya kurasa mbili katika kozi tatu za mwaka wa pili, zote zikisahihishwa kwa jedwali lilelile la mradi wa mwaka wa tatu, na kila ripoti ilirudishwa kwa mwanafunzi ndani ya wiki mbili ikiwa na ngazi yake kwa kila kigezo. Kundi hilo lilipofika mwaka wa tatu tulichukua tena ripoti 40 kwa kura, tukafuta majina, tukagawana, na mwenzangu yule wa sarufi akawa msahihishaji wa pili.